Mulondo na mitambaa inayofanana nao: utautambuaje kabla ya kununua?

Swali: "Nauza dawa za mitishamba sokoni Jinja, na mulondo, mmea unaotambaa wenye mzizi wa kutafuna, ndio unaonilisha. Zamani mizizi niliinunua kwa mzee mmoja wa upande wa Buikwe, siku hizi naletewa na vijana, leo huyu kesho yule. Mwezi uliopita nilipokea gunia ambalo mizizi yake ilinukia vizuri mwanzoni, ila ilipokauka harufu ikapotea. Mteja mmoja alitafuna, akatapika na kulalamika kwamba moyo unamwenda vibaya. Kesho yake alikuwa mzima. Vijana wanaapa kuwa ni mulondo halisi: una maziwa, majani yake yako mawili mawili, na maua ni mekundu. Mimi mwenyewe huwa naonja kipande kabla ya kulipa. Nitautofautishaje na mitambaa inayofanana nao? Pia nimeuziwa miche kwenye kaveera, yaani mifuko ya plastiki, nataka kuipanda. Nitajuaje ni yenyewe?"

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na mteja wako, maana hapo ndipo penye uzito. Kutapika peke yake kuna sababu mia. Kutapika pamoja na mapigo ya moyo kuvurugika ni jambo jingine, na kwa mtu anayeuza mizizi ya mitambaa halifai kupita hivi hivi kwa sababu tu mgonjwa aliamka salama. Gunia lile lilikuwa na nini, haliwezi kujulikana kwa maelezo. Atakayekutajia jina la mmea bila kuuona, usimsikilize. Linalojulikana ni kwamba ishara zote tatu walizokupa vijana ni za kweli, na hakuna hata moja inayoutenga mulondo na jamaa zake wenye sumu.

Mulondo, ambao kitaalamu ni Mondia whitei na ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya huuita mukombero, uko katika jamii ya Apocynaceae, jamii moja na olianda na franjipani. Karibu kila mmea wa jamii hii ukikatwa hutoa utomvu mweupe. Mitambaa yake mingi ina majani yanayotazamana mawili mawili, jozi moja ikikaa msalaba na jozi inayofuata. Mara nyingi matunda hutoka mawili kwa ua moja, yakikauka hupasuka ubavuni na kutoa mbegu zenye nywele laini zinazopeperushwa na upepo. Kwa hiyo maziwa na majani mawili mawili vinakuonyesha kwamba umefika kwenye jamii. Kwa mulondo wenyewe bado hujafika.

Katika jamii hiyo, wa kuhofiwa zaidi kwa mchimbaji wa Uganda ni Parquetina nigrescens, ambao vitabu vya zamani huuita Periploca nigrescens. Nao ni mtambaa wa msituni na vichakani, una maziwa, majani yake yanatazamana, na ndani ya ua kuna wekundu uliokolea. Umebeba sumu za moyo ziitwazo glikosidi, na sehemu kadhaa za Afrika utomvu wake umetumika kwenye sumu ya mishale. Kundi la Strophanthus la jamii hiyohiyo, ambalo nalo lina mitambaa yenye maziwa, lina sumu za aina hiyohiyo.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Kila seli ya msuli wa moyo ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Glikosidi huikaba pampu hiyo. Sodiamu ikirundikana, kalsiamu nayo hubaki ndani kupita kiasi, msuli hubana kwa nguvu isiyo ya kawaida, na umeme unaoongoza mapigo hupoteza mpangilio. Kichefuchefu na kutapika mara nyingi hutangulia. Kisha mapigo huenda polepole au kurukaruka, mwili hulegea, na wengine huona ukungu au rangi ya njano. Hospitali zina dawa inayopita njia hiyohiyo, digoxin, na kidonge chake hupimwa kwa mikrogramu, kwa sababu kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana mno. Mzizi wa porini hauna kipimo kilichoandikwa juu yake.

Sasa twende kwenye mmea wenyewe. Kama ungeruhusiwa kutazama sehemu moja tu ya mtambaa ulio hai, tazama kifundo, yaani pale vikonyo viwili vya majani vinapoungana na shina. Kwenye mulondo, katikati ya kikonyo na kikonyo hutokeza kipande chembamba cha ngozi, kimesimama, ukingo wake una meno meno yasiyo sawa, kikalizunguka shina kama kola ya shati iliyochakaa. Huhitaji lenzi. Shika chipukizi, ligeuze kwenye mwanga, kisha pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu: utahisi ukucha unanasa kwenye kola hiyo. Wengi huikosa kwa sababu wanaitafuta kwenye shina la chini, lile la kahawia lililozeeka, ambako imeshakauka na kudondoka. Angalia vifundo vitatu au vinne vya kwanza kutoka kwenye ncha inayokua. Kwenye Parquetina hapo utakuta mstari au kigongo chembamba tu. Wapo jamaa wa karibu wenye vijimeno vidogo mahali hapo, kwa hiyo kola iwe kubwa na ya wazi. Mkianza kubishana kama ipo au haipo, ihesabu kuwa haipo.

Baada ya kifundo, jani. Jani la mulondo uliokomaa ni kubwa, sentimita 10 hadi 30 kwa urefu, kikonyo chake ni kirefu, kitako kimeingia ndani na kulipa jani umbo la moyo, na ncha imechongoka. La Parquetina huwa gumu zaidi, linang'aa upande wa juu, na kitako chake mara nyingi ni cha mviringo au kimebonyea kidogo tu. Lakini jani ni shahidi anayebadilika. Mtambaa uleule hutoa majani mapana kivulini na madogo juani, na matawi machanga yanaweza kuwa na majani membamba yasiyofanana na yale ya juu. Lichukue kuthibitisha kola, lisisimame peke yake. Ukikuta upande wa chini wa jani una manyoya meupe yaliyoshonana, na mmea uko kando ya mto au kinamasi, huenda umeshika Tacazzea apiculata, ambao pia una maziwa.

Kuhusu maua, vijana hawakudanganya, ila "mekundu" halitoshi. Ua la mulondo lina petali tano, katikati zambarau iliyoelekea wekundu, na ukingo wa kila petali ni kijani cha manjano. Ukingo huo ndio wa kutafuta. Wala usinuse ua ukitegemea harufu ya mzizi. Ua la mulondo linanuka vibaya. Matunda yaache, mitambaa mingi ya jamii hii inafanana hapo.

Mzizi ndio unaouza, na ndiko ulikoharibikiwa, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Mulondo hutoa mizizi kadhaa minene kutoka kwenye kitako kimoja. Ukikwaruza mzizi mbichi, ganda ni nene, lina nyama na hutoa maziwa, na hubanduka kirahisi kutoka kwenye kiini kigumu cha mti kilicho katikati. Ganda hilo ndilo linalotafunwa, kiini hutupwa. Harufu ni ya vanila. Inatokana na kemikali iitwayo 2-hydroxy-4-methoxybenzaldehyde, ambayo ina atomi zilezile za vanilini ya vanila, zimepangwa tofauti tu.

Kemikali hiyo huruka hewani, na tabia hiyo moja inaleta mitego miwili. Wa kwanza, harufu huhama. Changanya mizizi michache ya mulondo na mizizi mingine kwenye gunia lililofungwa, na baada ya siku chache gunia zima litanukia. Wa pili, mulondo halisi ulioanikwa vipande vyembamba kwenye jua kali nao hupoteza sehemu ya harufu. Ndiyo maana kupotea kwa harufu kwenye gunia lako kunatia shaka, lakini hakumtii mtu hatiani.

Njia ya kuipima harufu bila kudanganywa ni hii. Toa mizizi mitano, mmoja wa juu, mitatu ya katikati kutoka pande tofauti, na mmoja wa chini kabisa. Isugue kwa brashi na maji matupu bila sabuni. Ivunje mmoja mmoja, ukifuta kisu kila mara, na unuse pale palipovunjika, si kwenye ngozi. Kisha iache usiku kucha mahali penye hewa, kila mzizi kwenye karatasi yake, mbali na mulondo mwingine wowote. Asubuhi uvunje tena mahali papya. Mulondo hunukia kutoka ndani kila unapouvunja. Harufu ya kuazima hukaa kwenye ngozi, na baada ya kuoshwa na kulala nje haibaki kitu. Mmoja kati ya mitano ukishindwa, usihesabu kwamba minne imefaulu. Gunia zima limechanganywa.

Hata hivyo harufu si muhuri. Mimea miwili ya India, Hemidesmus indicus na Decalepis hamiltonii, ina kemikali hiyohiyo ya kunukia. Haioti porini kwetu, lakini mizizi mikavu husafiri. Na kuna mzizi mwingine wa kunukia unaopatikana kwenye nyika za kaskazini mwa Uganda, wa kichaka kiitwacho Securidaca longipedunculata, ambao harufu yake ni kali ya dawa ya kuchua misuli. Huo una sumu. Mtu aliyezoea kusema "mulondo ni mzizi unaonukia" anaweza kuupokea kwa mikono miwili.

Kuhusu kuonja: acha. Najua ndivyo biashara ilivyofundishwa, na ni kweli mulondo una ladha yake, uchungu kidogo unaofuatwa na utamu unaobaki mdomoni. Lakini kipimo hicho kinakutaka uingize mdomoni kitu ambacho bado hujakitambua, na sumu za moyo haziwashi ulimi kwa namna ya kukuonya. Muuzaji anayeonja mara nyingi kwa siku anajilimbikizia hatari kuliko mteja wake. Baada ya kushika utomvu wowote wa mitambaa hii, nawa mikono kabla ya kujigusa macho.

Mitambaa mingine ya dawa unayoweza kuletewa kwa makosa ni rahisi kuiondoa. Bombo, Momordica foetida, ina vikono vinavyojisokota kushika miti, majani yake hupishana kwenye shina, na haina maziwa. Kavamagombe, Cissampelos mucronata, nayo haina maziwa, majani hupishana, na kikonyo hushika jani ndani kidogo ya ukingo. Mwenzake anayefanana naye, Stephania abyssinica, kikonyo chake huingia ndani zaidi ya jani kwa upande wa chini. Mulondo hauna vikono kabisa. Hupanda kwa kulizungusha shina lake.

Miche yako inategemea ilikotoka. Ikiwa ilipandwa kwa vipande vya shina kutoka mtambaa mama mmoja, yote ni mmea mmoja, na kuutoa mhanga mche mmoja kunakupa jibu la yote: ung'oe, uoshe, kwaruza mzizi, vunja, nusa. Ikiwa ni ya mbegu zilizookotwa, au miche iliyong'olewa msituni na kupachikwa kwenye kaveera, kila mmoja ni mgeni. Usiipande shambani bado. Iweke kivulini hadi iwe na jozi nne au tano za majani, kisha kagua vifundo vya kila mche, wenye kola ya wazi ufunge uzi. Miche michanga hutoa kola ndogo, kwa hiyo wenye shaka upe mwezi mmoja zaidi kabla ya kuuhukumu. Usio na kola kabisa wakati wenzake wa umri huohuo wanayo, uondoe. Ukishaichanganya ardhini, mizizi ya mitambaa miwili jirani hupitana, na siku ya kuvuna hutajua mzizi upi ni wa nani.

Kwa ununuzi, una njia nne, na hazilingani. Unga usiununue kamwe, hata ukiletewa na mtu wa msikitini au kanisani kwako, kwa sababu uliosagwa hauna kifundo wala ganda wala kiini, na hata mtaalamu hawezi kuutambua kwa macho. Vipande vikavu vilivyomenywa vinakaribia ubaya huo. Mizizi mibichi mizima ni afadhali. Iliyo bora ni mizizi mibichi iliyofungwa pamoja na ncha ya mtambaa wake, kama nusu mita yenye majani, kila mmea na fungu lake. Sharti liwe "kila mmea", kwa sababu gunia moja hukusanywa kutoka mitambaa mingi, na tawi moja zuri juu ya gunia halithibitishi kilicho chini. Vijana watalalamika kwamba ni kazi. Ni kazi kweli, ongeza bei.

Usisahau pia kwa nini udanganyifu huu unazidi. Mulondo uking'olewa wote haurudi, na mchimbaji anayetembea mbali zaidi kila msimu hushawishika kujaza gunia na chochote chenye maziwa. India walipitia hayohayo: Hemidesmus ilipopungua, Decalepis ikauzwa mahali pake. Anayechimba upande mmoja wa kitako, akachukua nusu ya mizizi na kufukia iliyobaki, anaweza kurudi mahali pale pale, na mtambaa aliokwisha kuutambua atauvuna tena bila kubahatisha. Kama mizizi yako inatoka kwenye hifadhi kama Mabira, kuchimba humo kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA. Ndiyo maana ningekushauri mpango wa miche uupe uzito kuliko kutafuta msambazaji mpya.

Ukitaka jibu lisilo na ubishi, tengeneza sampuli. Kata tawi la sentimita 30 hadi 40 lenye vifundo visivyopungua vitatu, maua au matunda yakiwepo. Litandaze kati ya magazeti, jani moja likionyesha mgongo, weka mbao na mawe juu, na ubadilishe karatasi kila siku hadi likauke. Maziwa huyafanya matawi haya yaoze upesi, kwa hiyo siku mbili za kwanza usiruke. Ongeza kipande cha mzizi kilichopasuliwa kwa urefu. Andika mahali, tarehe, kama ni msituni au shambani, rangi ya ua likiwa bichi, na jina mlilolitumia. Rangi na harufu hupotea sampuli ikikauka, ndiyo maana ziandikwe. Peleka kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa mizizi isiyo na majani, uliza kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili, iliyo chini ya Wizara ya Afya, pale Wandegeya. Picha za simu husaidia ukipiga kifundo kwa karibu. Picha ya kichaka kizima haimsaidii mtu.

Hospitali usiisubirishe mtu akitapika mfululizo baada ya kutafuna mzizi, akihisi moyo unarukaruka au unapiga polepole, akizirai, akichanganyikiwa au akiona njano. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa ya ng'ombe ukidhani yataua sumu. Mchukue na mzizi uliobaki. Daktari atahitaji kipimo cha umeme wa moyo na cha potasiamu, vitu ambavyo duka la dawa halina, kwa hiyo mpeleke moja kwa moja kwenye hospitali kubwa iliyo karibu. Mteja wako naye, hata kama amepona, aende akapimwe, hasa ikiwa ana shinikizo la damu: vidonge vya kupunguza maji mwilini hushusha potasiamu, na potasiamu ikiwa chini sumu hizi huuma zaidi. Anayetumia digoxin, mjamzito na anayenyonyesha usiwauzie mzizi wowote ambao hukuuona ukiwa na mtambaa wake.

Na lile gunia: lifunge, liandike, liweke mbali na mulondo mwingine ili lisiazime harufu tena. Toa mizizi mitano ya kupimwa. Usilisage, usilipunguzie bei, wala usiwape mbuzi. Jibu likija baya, au lisipokuja, lifukie. Wateja waliochukua mizizi kutoka humo unawajua baadhi yao kwa simu; wapigie leo uwaambie waache kutafuna.